Wimbo wa Kisomali na Chapa

Kitabu cha zaburi kilichopigwa chapa Massachusetts mwaka 1640 hakikuwa na noti za muziki. Lahani zilikuwa vichwani mwa waimbaji. Mkusanyaji wa nyimbo za Kisomali, mathalani huko Balambala, anakabiliwa na jambo gumu zaidi. Tangu Somalia ilipoidhinisha hati ya Kilatini mwaka 1972, takriri ya sauti ya mwanzo, ambayo ndiyo nguzo ya utungo, huonekana wazi katika maandishi. Lakini mapigo ya wimbo wa kunyweshea ngamia hufuata kazi yenyewe. Tafsiri ya Kiswahili huipoteza takriri. Chapa huipoteza kazi. Basi diwani isiyoeleza kisima, uteka maji na waitikiaji ni nusu ya wimbo, wala mhakiki asiihukumu kama wimbo mzima.