Katelina na Wenzake

Katika harusi moja niliyoalikwa chini ya vilima vya Iveti, si mbali na mji wa Machakos, niliwaona wanawake watu wazima, waliokuwa wameketi kwa staha tangu asubuhi, wakiinuka vitini kwa pamoja mara tu ziliposikika nyuzi za kwanza za wimbo wa Katelina. Na ijapokuwa wimbo ule una umri mkubwa, na kila mmoja wao aliujua kama aijuavyo njia ya kisimani, walicheka palepale walipozoea kuchekea, kana kwamba habari za binti yule zimewafikia siku ile ile. Tangu hapo nimekuwa nikiitafakari sanaa ya tashtiti katika nyimbo za Ukambani, na kila nikiitafakari heshima yangu kwa mafundi wake huzidi.

Waliouimba wimbo huo ni Kalambya Sisters, mabinti walioshirikiana na Kalambya Boys, bendi ya Onesmus Musyoki, na sifa zake zilivuka bahari hata ukapata wapenzi huko Ulaya, miongoni mwa watu wasiojua neno moja la Kikamba. Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia: Katelina ni msichana apendaye uki, pombe ya kienyeji ya Wakamba, na starehe yake hiyo humrudisha nyumbani na mimba, si mara moja wala mbili, bali kwa utaratibu kama wa misimu ya mvua. Kisa cha namna hii kikitiwa kinywani mwa mhubiri huwa karipio. Kikitiwa kinywani mwa jirani huwa umbeya. Mabinti wale walikiimba kwa sauti nyembamba, nyororo, karibu na sauti za watoto waliotumwa dukani wakarudi na siri ya nyumba ya pili, na katika utoto huo wa sauti ndimo ulimofichwa ukali wote. Hawakutukana wala hawakuhukumu. Walisimulia tu, wakarudia, na marudio yenyewe yakafanya kazi ya lawama.

Msikilizaji asidhani kuwa magitaa yaliwekwa pale kuwa pambo. Katika muziki wa Wakamba gitaa la chini hushika mwendo, na juu yake gitaa jingine hupita mbiombio kwa noti nyembamba za juu, likijaza kila pengo lililoachwa na wenzake, hata muziki wote ukawa kama gurudumu lisilo na mwanzo wala mwisho. Basi mtu huvutwa na gurudumu hilo, mabega yakaanza kutikisika, na maneno yanapomfikia akilini tayari amekwisha kuwa mmoja wa wachezaji, wala hana tena nafasi ya kujitoa na kusema kwamba habari hizi hazimhusu. Huo ni ufundi uliopangwa, si bahati.

Na haukuanza na magitaa. Kabla ya santuri na redio, Wakamba walikuwa na nyimbo ziitwazo myali, zilizotungwa kwa makusudi ya kusuta, na ngui, yaani mtunzi na kiongozi wa waimbaji, alisimama mbele ya watu wake akaitaja kasoro ya mchoyo, ya mvivu, au ya mkubwa aliyejisahau, kwa lugha ya mafumbo. Hatari ya kazi hiyo ilikuwa dhahiri, kwa maana ngui hakuwa mgeni apitaye. Kesho yake alikutana na aliyesutwa sokoni au malishoni. Lakini waitikiaji walipoyapokea maneno yake, kauli ilitoka mikononi mwa mtu mmoja ikawa ya umma, na aliyesutwa hakuwa na mtu wa kumshitaki. Naona katika mpango huo hekima kubwa kuliko katika sheria nyingi zilizoandikwa kwa wino, kwani ulimwonya mtu bila kumfukuza katika duara la ngoma.

Hukohuko Machakos, katika Wamunyu, ndiko uliko mji wa wachongaji, waliourithi ufundi wao kwa Mutisya Munge, ambaye aliupata Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akaurudisha nyumbani. Mtu akimtazama mchongaji kazini ataona kwamba tezo haiongezi kitu; hupunguza, ikapunguza tena, mpaka gogo lisilo na jina likawa twiga au mzee mwenye fimbo. Mtunzi wa tashtiti hufanya vivyo hivyo. Huchukua mtu mzima mwenye mambo mia, akamwondolea tisini na tisa, akamwachia moja, na hilo moja likamfanya ajulikane na wote. Katelina hana ukoo wala kijiji, na kwa sababu hiyo hakuna familia iliyoaibishwa naye. Ana uki wake na mimba zake, na basi.

Santuri ndogo za wakati wa Katelina, zilizozunguka mara 45 kwa dakika na kuuzwa katika maduka ya River Road, Nairobi, zilidai ufupi huohuo. Bendi ya Kiingereza kama Blur, ilipotaka kuwachora watu wa nchi yake katika albamu ya Parklife mwaka 1994, ilikuwa na santuri ndefu ya kuwapanga wahusika wake mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na wimbo wake. Fundi wa Ukambani alipewa dakika chache, aghalabu zimekatwa nusu kwa nusu katika pande mbili za santuri moja, na ndani ya dakika hizo mtu awe amezaliwa, ametenda, na amechekwa. Kakai Kilonzo, kijana wa Kilimambogo aliyezaliwa mwaka 1954 na kufariki mwaka 1987, aliumudu ufupi huo kwa ustadi, tena katika lugha mbili, kwa maana yeye na Kilimambogo Brothers walitoka katika Kikamba wakaingia katika Kiswahili, na nyimbo kama Mama Sofi zikawafikia wasikilizaji wasio wa Ukambani. Waama Kiswahili kilikuwa na mila yake ya kusuta kwa wimbo tangu zamani: Muyaka bin Haji aliwachoma watu wa Mombasa na mahasimu wao kwa mashairi, na Siti binti Saad huko Unguja aliimba habari za Kijiti, mwuaji aliyetoroka, watu wakaisikia ndani ya wimbo huo shutuma dhidi ya mahakama.

Lakini kuna jambo moja katika wimbo wa Katelina linalonishughulisha, wala sipendi kulifunika kwa sifa. Mimba haipatikani kwa uki peke yake, ilhali jina lililobaki vinywani mwa watu, miaka yote hii, ni la mwanamke, na wanaume waliokuwa pamoja naye hakuna awakumbukaye. Tezo imewapunguza nao pia. Je, hili ni kosa la wimbo, au ni sisi tuliousikiliza nusu? Sauti zile ni za wanawake, na siku zingine nikizisikiliza hunijia fikira kwamba hazimcheki dada yao, bali zinahesabu kwa utulivu, mimba moja baada ya nyingine, mbele ya ukumbi uliojaa wanaume wanaocheza.

Siku ile ya harusi nilimwuliza mama mmoja aliyerudi kitini akihema na kujifuta jasho kwa pembe ya leso yake, kwa nini huucheka wimbo huu wakati anaujua wote. Alinitazama kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, mimi huitikia tu. Hadithi ya Katelina sijawahi kuianzisha mimi.” Akanyamaza, akasikiliza. Maneno ya wimbo yalikuwa yamekwisha, magitaa yameachiwa uwanja, na wenzake walikuwa wangali wakizunguka. Naye akainuka tena, akaenda kushika nafasi yake katika duara.