Nyuzi, Mafundo na Mimbari: Kukisoma Kitabu cha Brian Greene katika Mbulu na Hanang

Kitabu cha mwanafizikia Brian Greene, The Elegant Universe, kilichotolewa Marekani mwaka 1999, kimewafikisha wasomaji wengi wasio wanasayansi kwenye mlango wa nadharia ya nyuzi. Nadharia hiyo yafundisha kwamba elektroni na chembe nyingine za msingi si nukta tupu, bali ni nyuzi fupi mno zinazotetemeka, na kwamba kila namna ya mtetemo huonekana kwetu kama chembe ya aina yake. Twakusudia kukipima kitabu hiki kwa swali moja: je, chamsaidia mwalimu wa Dongobesh au mwinjilisti wa Katesh kutofautisha jambo lililopimwa na jambo linalodhaniwa?

Yatupasa kuanza na sifa. Greene ni mtafiti wa nadharia hii mwenyewe, naye ana kipawa cha kufundisha. Mfano wake wa nyuzi za fidla unaeleweka na yeyote aliyesikia zeze. Akitaka kuonyesha udogo wa uzi, asema kwamba atomi ikikuzwa hata ilingane na ulimwengu wote unaojulikana, uzi ungefikia kimo cha mti tu. Msomaji haambiwi kwamba mambo haya ni ya wateule. Anakaribishwa kuuliza, na udadisi wake unaheshimiwa.

Hata hivyo, uzuri wa mfano si ushahidi. Hapa msomaji angefaidi kukumbuka habari ya mafundo. Mwaka 1867 William Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alidhani kwamba atomi ni mafundo ndani ya etha, kitu kisichoonekana ambacho wataalamu wa siku zile waliamini kimejaa kila mahali. Fundo la aina moja lingekuwa hidrojeni, la aina nyingine chuma. Rafiki yake Peter Guthrie Tait alitumia miaka mingi kuorodhesha mafundo. Ilikuwa dhana ya kupendeza sana. Lakini mwaka 1887 Michelson na Morley walipopima mwendo wa dunia ndani ya etha hawakuuona, na baadaye etha yenyewe ikaachwa. Mhubiri ambaye angejenga hoja ya kuwako kwa Mungu juu ya mafundo ya Kelvin angeanguka pamoja nayo.

Kazi ya Tait, lakini, haikupotea. Hisabati ya mafundo iliendelea kukua. Mwaka 1984 Vaughan Jones alivumbua njia mpya ya kuyatofautisha, na mwaka 1989 Edward Witten, mmoja wa vinara wa nadharia ya nyuzi, akaihusisha na fizikia ya kwanta. Leo wanabiolojia huitumia kuchunguza jinsi DNA inavyojisokota na kusokotolewa ndani ya chembe hai. Kwa hiyo dhana yaweza kuwa na makosa kuhusu ulimwengu na bado ikazaa elimu ya kweli. Ndiyo sababu hatumkatazi mtu kuuliza.

Jambo jingine lamfaa mfugaji. Nadharia ya nyuzi yadai vipimo tisa vya nafasi, si vitatu tu vya urefu, upana na kimo. Wanahisabati wamethibitisha kwamba palipo na vipimo vinne au zaidi kila fundo la kamba hufunguka bila kamba kukatwa. Katika nafasi kama hiyo hakuna kamba ambayo ingemshika ndama. Lililothibitishwa hapa ni la hisabati. Kwamba vipimo hivyo vipo kweli, hakuna aliyepima.

Greene anakiri wazi kwamba nadharia yake haijathibitishwa. Kosa letu naye ni la uwiano: ungamo hilo lazama katika furaha ya kitabu kizima. Alitumaini kwamba mtambo mkubwa wa CERN, karibu na Geneva, ungeweza kuonyesha chembe pacha ambazo zingeitia nguvu nadharia. Mtambo huo ulithibitisha chembe ya Higgs mwaka 2012. Chembe pacha hazijaonekana. Naye Leon Lederman, aliyekiita kitabu chake cha mwaka 1993 The God Particle, alizidisha mchafuko, maana Higgs ni chembe miongoni mwa chembe, wala haina ukaribu na Mungu kuliko mchanga.

Msomaji atauliza mambo haya yanauhusu nini usharika wa Hanang. Yanauhusu sana. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang vilishukia Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Serikali ilieleza kwamba volkano haikulipuka. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilifyonza maji ya mvua ikameguka. Anayesema kwamba ilikuwa laana huziba pengo la maarifa kwa jina la Mungu, kama anayeliziba kwa nyuzi. Tofauti ni kwamba huku chini ya mlima kosa hilo lagharimu uhai: aliyekwisha kuridhika na neno laana haulizi tena kama nyumba zijengwe upya katika njia ile ile ya maji.

Luther, katika hoja zake za Heidelberg mwaka 1518, alimkataa mwanatheolojia anayedai kuyaona mambo ya Mungu yasiyoonekana kwa kuvitazama vitu vilivyoumbwa. Mungu hujulikana katika mateso na msalaba. Hoja hiyo haifungi maabara. Yamwondolea mwanafizikia mzigo wa kumthibitisha Mungu, na kumwachia kazi yake ya kupima.

Kwa hiyo twakipendekeza kitabu cha Greene, kwa sharti kisomwe kalamu mkononi. Pembeni mwa kila ukurasa msomaji aandike: hili limepimwa, hili limehesabiwa, hili latumainiwa. Mgonjwa anayepigwa picha ya eksirei katika Hospitali ya Kilutheri Haydom anahudumiwa na elektroni zilizoharakishwa kwa umeme na kugongeshwa kwenye metali, hilo limepimwa. Nyuzi bado zatumainiwa. Mhubiri anayeitunza tofauti hiyo ataaminiwa pia siku atakapozungumza juu ya mlima.