Konono N°1 na Asili ya Vyombo vya Muziki

Je, mwanamuziki hujali chombo chake kilitengenezwa nchi gani? Kundi la Konono N°1 la Kinshasa, lililoasisiwa na Mingiedi Mawangu katika miaka ya 1960, lafaa kuwa kielelezo. Likembe, ala ya jadi ya Wazombo wanaoishi mpakani mwa Angola, ilimezwa na kelele za jiji. Ndipo zikaundwa maikrofoni za mbao, zikatiwa sumaku zilizotolewa katika magari mabovu, na sauti ikapitishwa katika vipaza sauti vikuukuu. Humo ukazaliwa mkwaruzo ambao haukukusudiwa. Wanamuziki wakaupokea, ukawa sehemu ya utunzi wao.

Albamu yao Congotronics ilipotolewa nchini Ubelgiji mwaka 2004, wahakiki kadhaa wa ng'ambo walisifu vyuma chakavu kana kwamba vyuma ndivyo vilivyopiga muziki. Sifa hiyo ina kasoro: yageuza ufukara kuwa pambo na kuusahau ustadi. Likembe tatu, yaani ya sauti nyembamba, ya kati na ya besi, hujibizana kwa mpango, wala msikilizaji hawezi kutambua sumaku ilitoka kiwanda kipi.

Hata hivyo, mtengenezaji si mtu wa kupuuzwa. Chombo kilichoundwa nyumbani hurekebishwa nyumbani. Mingiedi alipofariki mwaka 2015, mwanawe Augustin aliendeleza kundi. Kwa mwanamuziki wa Kinshasa, fundi aliye karibu ana thamani kuliko chapa ya kiwanda cha mbali.