Kupoza Upepo wa Basi

Upepo unaobeba bodi ya basi huzaliwa ukiwa moto. Hewa ya nyuzi 27 za Selsiasi ikigandamizwa ghafla hadi shinikizo liwe mara 10 ya lile la kawaida, joto likakosa pa kutokea, kwa hesabu ingepita nyuzi 300. Ndani ya kompresa ya basi hali haifiki huko, kwa kuwa maji ya rejeta huzunguka kwenye hedi. Hata hivyo hewa itokayo huweza kupita nyuzi 150. Vali na mifuko ya mpira juu ya ekseli haikuundwa kupokea moto huo. Kuupoza ni kazi ambayo abiria haioni, nayo ni miongoni mwa kazi za ufundi zinazostahili heshima kubwa.

Bomba linalotoka kwenye kompresa kwenda kwenye kikaushio ndilo hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Huwa la chuma au la shaba, tena refu kwa makusudi, wakati mwingine limezungushwa kama koili. Anayelikata ili kupata nafasi huharibu mfumo mzima. Chembe za kikaushio hunasa mvuke hewa ikiwa imepoa. Ikifika ya moto, mvuke hupenya hadi kwenye mitungi ya upepo, ukageuka maji huko na kutia vali kutu. Bomba pia halina budi kuteremka mfululizo, maana penye bonde maji hutuama.

Fundi hodari hulifungua upande wa kompresa na kupitisha kidole ndani. Utando mwembamba wa oili si tatizo. Kidole kikigusa gamba jeusi, gumu, linalokwaruza, basi oili imekuwa ikiungua humo. Gamba hubana njia, kompresa husukuma kwa nguvu zaidi, joto hupanda, na oili nyingine huungua juu ya ile ya kwanza. Hapa ndipo ustadi hujulikana: wa kubahatisha hubadilisha bomba akaishia hapo, lakini fundi wa kweli huendelea kutafuta chanzo, iwe ringi za pistoni zilizolika, njia ya maji ya hedi iliyoziba, au chujio la hewa lililojaa vumbi.

Kompresa huhitaji pia mapumziko. Mitungi ikijaa, gavana ya shinikizo huiachia kompresa izunguke bila kugandamiza, na katika muda huo hupoa. Basi la mjini huinyima nafasi hiyo kirahisi, kwa sababu breki, milango na mifuko vyote hunywa upepo kila kituo. Uvujaji ukiongezeka juu yake, kompresa haipumziki kabisa. Povu la sabuni likipakwa kwenye maungio na kwenye mikunjo ya mifuko huonyesha tundu dogo kwa kutoa mapovu. Fimbo ya vali ya kusawazisha kimo cha bodi hukaguliwa pia, maana ikilegea, vali hujaza na kumwaga upepo bila sababu.

Mifuko yenyewe huepushwa na ekzosi kwa bati la kukinga joto. Bati hilo likifunguliwa kwa ajili ya matengenezo mengine hurudishwa kabla gari halijawashwa, kwa kuwa mpira uliopikwa huwa mgumu, hupasuka kwenye mikunjo, na uvujaji huanzia hapo.