Bangili ya "fedha ya misafara": tuhakiki maelezo yake neno kwa neno

Ukizunguka maduka ya vitu vya kale, au ukipekua matangazo mtandaoni, utakutana na maelezo ya aina hii: bangili ya fedha halisi, ya Kiarabu, karne ya 19, kutoka njia ya misafara ya Tabora. Yanasikika vizuri, na bei nayo inapanda vizuri. Leo tuyahakiki kama tunavyohakiki andiko la utafiti. Kila neno lina ushahidi gani?

Tuanze na umri. Mti na mfupa vina kaboni, ndiyo maana maabara inaweza kukadiria miaka yake. Fedha haina kaboni. Mbaya zaidi, inayeyushwa, inafuliwa, halafu inayeyushwa tena. Masonara wa pwani walipata malighafi yao kwenye sarafu, hasa riale ya Maria Theresa, yenye gramu 28 hivi na fedha asilimia 83.3. Kichekesho ni kwamba sarafu hiyo imeandikwa 1780, mwaka aliofariki mtawala huyo wa Austria, lakini iliendelea kugongwa kwa tarehe hiyohiyo hadi karne ya 20, Vienna, London, Roma, hata Bombay. Kwa hiyo hata kidani chenye riale nzima kisikudanganye: ukisoma 1780 hujasoma umri.

Neno "Kiarabu" nalo halimo ndani ya madini. Angalia Waviking. Hazina yao iliyofukuliwa mwaka 2007 karibu na Harrogate, Uingereza, ilikuwa na sarafu 617 pamoja na bangili na vipande vya fedha, na baadhi ya sarafu zilitoka mbali hadi Samarkand. Waviking waliyeyusha dirhamu za nchi za Kiislamu wakafua bangili, na wakitaka kulipa walikata kipande wakakipima kwa mizani. Je, bangili hiyo ni ya Kiviking au ya Kiislamu? Madini yana safari yake, na mkono uliofua una habari yake.

Sasa "fedha halisi". Wengine watakwambia pima kwa maji, kama Archimedes. Haya, tupige hesabu. Rupia ya Wajerumani ilikuwa na fedha asilimia 91.7. Bangili ya gramu 50 iliyotokana na rupia itasukuma maji mililita 4.84 hivi, ya riale, 4.90. Tofauti ni kama tone moja! Kwa kikombe cha nyumbani huwezi kuiona. Mashine ya eksirei ni bora zaidi, ila nayo husoma ngozi ya juu tu. Sonara akichovya kazi yake kwenye tindikali, shaba ya juu hutoka na fedha hubaki, hivyo kipimo kinaweza kuisifia bangili kuliko inavyostahili.

Lakini kasoro kubwa iko kwenye neno "Tabora". Stanley, aliyekaa Kwihara na Livingstone mwaka 1872, aliandika kwamba huku bara shanga zilisimama mahali pa sarafu za shaba, nguo mahali pa fedha, na ng'ambo ya Tanganyika waya ulihesabiwa kama dhahabu. Yaani kwenye njia hii, kilichofanya kazi ya fedha hakikuwa fedha. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na mizigo ya kurudi bara ilikuwa nguo, shanga na masango, ule waya mnene wa shaba. Mafundi waliuvuta ukawa mwembamba, wakauzungushia kwenye nywele za mkia wa twiga, wakapata vikuku vya sambo.

Sisemi fedha haikufika Tabora. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walijenga matembe yao pale, na familia zao zilikuwa na mapambo. Ninachosema ni kwamba maelezo yale yanachukua kitu cha wachache na kukifanya sura ya njia nzima, huku kikuku cha waya, ambacho ndicho kilichovaliwa na wengi, kikionekana takataka.

Na hapo ndipo hasara ilipo. Bangili ya fedha inauzwa kwa gramu na kuishia kwenye moto wa sonara. Kikuku cha shaba kinauzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Vyote viwili vikiyeyuka, hakuna maabara itakayokwambia vilivaliwa na nani.

Kwa hiyo, kama nyumbani kwenu kuna kimojawapo, kabla hakijatoka mlangoni kipime, kipige picha pande zote, kisha kaa na bibi umuulize: alikupa nani, ulikivaa lini, nani alikuwa nacho kabla yako? Andika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, na jina lake. Hayo ndiyo maelezo ambayo duka halina.