Umbo la Kushikika na Suala la Usikilizaji: Uhakiki wa Kasha la Albamu ya Once Upon a Time in Shaolin

1.0 Utangulizi

Muziki wa kidijitali hauna mwili. Faili moja huweza kunakiliwa mara nyingi bila nakala ya mwisho kutofautiana na ya kwanza, na msikilizaji hulifikia kwa kugusa kioo kilekile cha simu anachotumia kutuma pesa na kusoma habari. Kutokana na hali hiyo, baadhi ya wasanii na wabunifu wamejaribu kuurudishia muziki umbo la kushikika. Uhakiki huu unachunguza kasha la albamu ya Once Upon a Time in Shaolin ya kundi la Wu-Tang Clan la Marekani, kwa kulilinganisha na Buddha Machine, kisanduku cha sauti kilichotolewa mwaka 2005 na kundi la FM3 la Beijing. Hoja ya msingi ni kwamba kitu huupa muziki mwili pale kinapobadili namna unavyosikilizwa. Ufundi wa mkono, hata ukiwa wa hali ya juu, hautoshelezi peke yake.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Katika insha yake ya mwaka 1936 kuhusu kazi ya sanaa katika zama za uzalishaji wa kimashine, Walter Benjamin alieleza kwamba kazi ya sanaa ina haiba inayotokana na kuwapo kwake mahali pamoja na wakati mmoja, na kwamba haiba hiyo hufifia kazi inapozalishwa kwa wingi. Hata hivyo, Benjamin hakuishia kwenye kuomboleza. Alitambua pia kuwa kunakiliwa huiondoa sanaa katika himaya ya ibada na kuisogeza karibu na umma. Hivyo basi, anayetaka kuirejesha haiba hiyo hana budi kuulizwa: inarejeshwa kwa ajili ya nani?

3.0 Kasha na Kilichomo

Albamu hiyo, iliyotayarishwa na RZA na Cilvaringz, ina nyimbo 31 katika diski mbili, na ilitolewa kwa nakala moja tu. Diski hizo zimehifadhiwa ndani ya kasha la madini lenye nakshi, lililotengenezwa kwa mkono chini ya usanifu wa Yahya, msanii Mwingereza mwenye asili ya Morocco. Mwaka 2015 iliuzwa kwa Martin Shkreli kwa dola milioni 2 za Marekani, kwa sharti kwamba isitolewe kibiashara kabla ya mwaka 2103.

Utetezi wa kazi hii una uzito. Watayarishaji wake walidai kwamba muziki umeshushwa hadhi kwa kupatikana bure au karibu na bure, ilhali mchoro mmoja huthaminiwa kwa mamilioni. Kwa mtazamo huo, kasha ni hoja iliyochongwa. Linamdai anayelitazama atulie, na kulifungua kwake ni tendo lenye uzito.

Lakini kizuri hakikosi ila. Diski zikiondolewa na nyingine kuwekwa, kasha litaendelea kusema jambo lilelile: kilichomo ni cha mmoja. Nakshi zake zinaupa umbo umiliki, si muziki. Matukio yaliyofuata yanathibitisha jambo hilo. Mwaka 2018 mahakama ya Marekani iliamuru albamu itwaliwe pamoja na mali nyingine za Shkreli baada ya kuhukumiwa kwa udanganyifu, na mwaka 2021 ikafika mikononi mwa kundi la PleasrDAO kwa dola milioni 4. Mwaka 2024 kundi hilo lilimshtaki Shkreli kwa kubaki na nakala za nyimbo hizo, na mahakama ikamwamuru azikabidhi. Diski ni hifadhi ya data. Kasha liliweza kuzuia mkono, halikuweza kuzuia nakala.

Aidha, mwezi Juni 2024 jumba la makumbusho la Mona, huko Hobart nchini Australia, lilialika vikundi vidogo vya watu kusikiliza sehemu ya albamu kwa takriban nusu saa. Hapo ndipo muziki huo ulipopata mwili kwa namna iliyo wazi zaidi: chumba, muda maalumu na watu waliokaa pamoja. Mwili huo ulitokana na kikao cha kusikiliza, si na nakshi.

4.0 Kisanduku cha FM3

Buddha Machine ni kinyume cha kasha hilo. Ni kisanduku cha plastiki cha kiwandani, kilichochochewa na visanduku vinavyocheza sala za Kibudha. Kina vipande tisa vya muziki vinavyojirudia, swichi ya kubadilisha kipande, kidhibiti sauti na spika ndogo. Hakioneshi jina la wimbo wala hakina mwisho wa kuusubiri. Mkwaruzo wa spika yake ni sehemu ya kazi yenyewe. Visanduku viwili vikiwekwa chumba kimoja, vipande hupishana na kuzalisha muziki mpya, kwa hiyo wingi wa nakala huiongezea kazi maana badala ya kuipunguzia thamani.

5.0 Hitimisho

Ulinganisho huu unaonesha kwamba upekee na ufundi wa mkono si vigezo vinavyojitosheleza katika kuhakiki vitu vya aina hii. Mhakiki anapaswa kuuliza maswali mawili. Je, muziki ukiondolewa, kitu kinabaki na maana ileile? Je, kitu kikiondolewa, usikilizaji unabaki ulivyokuwa? Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, kilichopo ni pambo lililowekwa kando ya muziki. Kasha la Shaolin, pamoja na uzuri wake, linakaribia sana jibu hilo. Thamani lililoirejesha ni ya bei. Ile ya kusikilizwa ilisubiri hadi mlango wa chumba ulipofunguliwa kwa watu wengine.