Mugithi wa Gita Moja: Kompyuta Imfuate Mwimbaji

Kwenye baa za Gatitu na kwingineko Nyeri, mugithi, muziki wa Wakikuyu wa kuchezwa, mara nyingi hubebwa na mtu mmoja: gita mkononi, maikrofoni mbele, ngoma na besi zikitoka kwenye mashine. Wimbo huunganishwa na wimbo bila kusimama. Watu wakichangamka, ubeti hurudiwa. Wakipoa, wimbo hubadilishwa. Hapo ndipo muziki uliorekodiwa mapema unapomwangusha mwimbaji, kwa sababu urefu wake umeshapangwa na haumsubiri mtu.

Dawa yake ni MIDI, mfumo uliozinduliwa 1983 ili vinanda vya kampuni tofauti vielewane. MIDI haibebi sauti, hubeba maagizo: noti ipi ipigwe, kwa nguvu gani, iachiliwe lini. Ndiyo maana kasi inaweza kupandishwa, na besi kushushwa nusu toni koo likichoka usiku wa manane, bila sauti kuharibika.

Kila wimbo ukatwe vipande vifupi, na kila kipande kijirudie hadi mwimbaji akanyage pedali. Pedali ya kwanza ilete kipande kinachofuata, ya pili mdundo wa kuvukia, ya tatu isimamishe. Programu ya kompyuta inayocheza vipande hivyo ielekezwe kubadilisha kipande mwanzoni mwa mzunguko tu, ili mguu ukiwahi kidogo, mdundo usikatike.

Wengi huogopa sauti kuchelewa kutoka kwenye kompyuta, hivyo hupunguza bafa ya kadi ya sauti, yaani akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchezwa, hadi sampuli 128. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni chini ya milisekunde 3, lakini laptopu dhaifu huanza kukwaruza. Gita likipitia ndani ya kompyuta, bafa ndogo ni lazima. Likienda moja kwa moja kwenye mikisa, bafa ya 512, takriban milisekunde 11, inatosha kabisa, na kompyuta inapumua.

Wi-Fi na masasisho yazimwe kabla ya shoo. Betri ya laptopu ijae, na mikisa iwe kwenye UPS: stima ikipotea, mpangilio haupotei nayo.

Kipimo cha mwisho hufanywa mazoezini. Geuza skrini isikuelekee, kisha piga seti nzima. Ukiimaliza kwa masikio na mguu pekee, uko tayari kuwatazama wachezaji, na wao ndio wanaostahili kuamua wimbo uendelee hadi lini.